Injinia aliyezuia zege langu: mapitio ya ofisi ndogo ya wahandisi pale Sinza

Nianze na bei, maana najua ndicho wengi wenu mnachokitafuta. Hesabu na michoro ya nondo kwa nyumba ya ghorofa moja, pamoja na ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya kiwanja: shilingi milioni tatu na nusu. Kila wakija saiti, laki moja na nusu, nauli humo humo. Kupima udongo na kupima zege maabara unalipia mbali. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la dawa: injinia mwenyewe, dada wa miaka thelathini na kitu, kijana wake wa kuchora, na binti wa mapokezi ambaye ndiye pia mhasibu. Jina lao silitaji, kwa sababu nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Jengo lilipoporomoka Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao walikuwa watu wa biashara kama mimi, waliofungua maduka asubuhi kama siku zote. Na wakubwa wenzangu bado wanakumbuka ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013. Kwa hiyo nilipofikia kujenga kiwanja changu cha Goba, habari ya "fundi wangu anajua, kajenga nyumba nyingi" haikuniingia. Mchora ramani alinipa ramani nzuri tu, yenye vyumba na paa na mpaka maua ya uani, lakini ndani yake hakuna nondo hata moja. Manispaa ya Ubungo kwenye kibali cha ghorofa wanataka michoro ya mhandisi yenye muhuri. Nikaambiwa na mtu, kwa sauti ya chini, kwamba muhuri unapatikana kwa laki tatu, huhitaji hata kuonana na mwenye muhuri. Nikamwambia asante. Huyu dada wa Sinza nilimkuta kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kabla sijamlipa hata mia, na nakushauri nawe ukamtafute wako humo kwanza.

Kitu cha kwanza alichofanya kilimuudhi fundi wangu: hakuchora. Alikuja Goba na kijana wake, wakachimbisha mashimo, moja juu ya mteremko na jingine chini. Wakaja na chuma chenye ncha na nyundo ya kilo 8 inayopandishwa na kuachiwa ianguke kwenye kimo kilekile, huku kijana anahesabu mapigo na kuandika chuma kimezama kiasi gani. Upande wa juu chuma kilikuwa kigumu kuingia. Upande wa chini kikazama kama kisu kwenye papai. Kumbe aliyeniuzia kiwanja alikuwa amesawazisha kwa kifusi, akamwaga tipa la udongo mwekundu juu yake ikaonekana ardhi ya Mungu. Hapo ndipo msingi ulipoamuliwa ushuke zaidi upande ule, upite kifusi mpaka kwenye udongo wa asili. Fundi alitaka msingi wa kina kimoja nyumba nzima. Ungekaa, na baada ya masika mbili tatu nyumba ingepasuka kona ya chini, halafu tungeitana majina.

Ukuta wa nyuma ndio ulionifanya nione pesa yangu inakwenda wapi. Jirani yangu wa juu kakata mlima, kwa hiyo udongo wake unanitazama. Fundi alisema tofali za inchi 6, nguzo kila baada ya mita tatu, basi. Injinia akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanichorea mchangani. Akasema, "Mama, ukuta ukiongeza kimo mara mbili, udongo hausukumi mara mbili, unasukuma mara nne. Na kule kuupindua ukuta chini kwenye mzizi ni mara nane." Akasema pia kwamba adui mwenyewe si udongo, ni maji yanayonaswa nyuma ya ukuta. Ndiyo maana ukuta wangu una kitako kipana cha zege kinachoingia ndani chini ya udongo wa jirani, ili udongo wenyewe ukikalie na kukigandamiza. Mimi nilitegemea kitako kitokeze nje upande wangu, kama mtu anayetanguliza mguu. Nyuma yake kuna kokoto kutoka chini mpaka karibu na juu, na mabomba ya inchi 2 yanayotoboa ukuta kila baada ya mita moja na nusu. Masika iliyopita nilisimama na mwavuli kuyaangalia: yanatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kila moja kivyake. Mtaa wa chini yetu kuna ukuta wa tofali tupu, haukuwekewa hata tundu moja. Ulilala kifudifudi juu ya banda la kuku.

Wale mnaosema mhandisi anaongeza gharama, ngojeni. Fundi alikuwa ameniandikia nondo za mm 16 karibu kila mahali, "kwa usalama, mama". Michoro ilipotoka, sehemu kubwa ya slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, ilikuwa nondo za mm 12, na mm 16 zikabaki kwenye bimu na nguzo zinazobeba kweli. Nilipeleka orodha zote mbili kwenye duka moja la vifaa, wakazipigia hesabu. Tofauti ililipa michoro yote na chenji ikabaki. Ukuta, hapana, ukuta uliongeza gharama, na sana.

Sasa siku ya slabu. Mashine ya kuchanganyia zege ya kukodi imeshafika, vibarua wameshakunywa uji, mama lishe kainjika wali wa watu wote, mafuta ya vaibreta ya kushindilia zege yamenunuliwa. Injinia anafika saa moja na nusu asubuhi, kavaa buti na kofia, anamsalimia kila mtu, "Shikamoo mama, za asubuhi mafundi," halafu anapanda ngazi anainama. Anatoa futi mfukoni, anapima nafasi kati ya nondo. Anaingiza vidole chini ya nondo kuona kama vile vibiskuti vya zege vya kuziinua kutoka kwenye mbao vipo. Anatikisa mirunda mmojammoja. Halafu anafika kwenye roshani, ile inayotokeza mita moja na nusu mbele bila nguzo, ananyamaza. Anamwita fundi.

Nondo nene za roshani zilikuwa chini. Slabu iliyolala juu ya kuta pande zote inabonyea katikati, kwa hiyo inavutika kwa chini, na nondo zake kubwa hukaa chini. Roshani inayoning'inia ni kinyume: inataka kuinamia mbele, inavutika kwa juu. Nondo zikiwa chini, zege la juu linapasuka pale inapoungana na nyumba, na hakuna chochote cha kulishika. Fundi akasema nyumba kadhaa alizojenga zina roshani hivyo hivyo na zimesimama. Injinia hakubishana naye. Alisema tu, "Hapa hatumwagi leo," akaandika kwenye kitabu cha saiti, akatia sahihi, akanipa na mimi nisaini. Sauti haikupanda hata kidogo. Vibarua walikuwa wameshakaa chini.

Zilifunguliwa nondo zote za roshani, zikapandishwa juu na kurudishwa ndani ya slabu ya chumba kwa urefu wa kutosha kuzishika, na chini yake wakatengeneza viti vidogo vya nondo ili mtu akizikanyaga wakati wa kumwaga zisishuke. Zege lilimwagwa siku ya pili, naye alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Alimkatalia kibarua aliyetaka kuongeza maji ili zege "liteleze". Wakajaza zege kwenye vile vibox vya chuma vya sentimita 15 kila upande, vya kupimia nguvu yake. Baadhi ya vipande vya zege vilivyotoka humo vikavunjwa maabara baada ya siku 7, vingine baada ya siku 28. Majibu alinitumia mwenyewe, na akanifafanulia kwamba yale ya siku 7 hayapaswi kufika mwisho, theluthi mbili hivi inatosha, nisije nikapiga kelele.

Lakini tuseme ukweli. Nondo zile zilikuwa zimemalizwa kufungwa jana yake mchana, fundi akapiga simu ofisini kwao akaambiwa injinia yuko saiti nyingine, atakuja asubuhi. Angekuja jioni ile, mashine isingekodiwa bure. Ile siku iliyopotea (mashine, vibarua, na wali uliobaki ukaliwa na majirani) nililipa mimi. Nilimwambia, akaomba radhi, akaniondolea malipo ya ziara moja. Ni uungwana, lakini haikufika hata nusu ya hasara. Na michoro yao imejaa herufi na tarakimu ndogo ndogo ambazo fundi wa kawaida hakai akazisoma. Saa moja ya kumkalisha fundi na kumpitisha karatasi kwa karatasi kabla kazi haijaanza ingetuokoa wote, na kwa bei ile ingekuwa ndani yake. Michoro yenyewe ilichelewa karibu mwezi zaidi ya tulivyokubaliana, na kila nikiuliza naambiwa "inamaliziwa".

Kama una nyumba ya chini kwenye ardhi tambarare isiyo na kifusi, pengine huhitaji kulipa yote haya. Mlipe aje akuangalie msingi tu. Kama unapanda juu, au una mteremko kama wetu wa Goba, nitakupa namba yao ukinitafuta dukani. Ukikubaliana nao, andikeni kabisa kwamba ukaguzi wa nondo ni siku moja kabla ya zege, na malipo ya ziara yagawanywe, usitoe yote mbele. Na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, palepale unapolipa. Ya malipo yangu ya mwisho bado namdai yule binti wa mapokezi. Kila nikipiga simu mashine haina karatasi.