Majirani au Dunia Nzima? Njia Mbili za Ushirikiano wa Mataifa

Ushirikiano wa kikanda huenda kwa kasi. Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, iliyoasisiwa na nchi 6 kwa mkataba wa mwaka 1957, ilikamilisha umoja wa forodha, yaani kuondoa ushuru kati ya wanachama na kutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, mwaka 1968, kwa kuwa wanachama walikuwa wachache na maslahi yao yalikaribiana. Shirika la Biashara Duniani, lenye wanachama 166, huamua kwa maafikiano ya wote, hivyo mmoja tu akipinga jambo hukwama. Mazungumzo yake ya biashara yaliyozinduliwa Doha, Qatar, mwaka 2001 hayajakamilika.

Hata hivyo, kasi hiyo ina gharama. Umoja wa kikanda huwapa nafuu walio ndani na kuwaacha nje wengine, na hata ndani yake sauti ya mwenye uchumi mkubwa husikika zaidi, ingawa mikataba haitamki hivyo. Tena yapo matatizo yasiyotambua kanda: tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale hatari ya jua, lisingeweza kulindwa na bara moja, na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kuzuia kemikali zinazoliharibu, ilifaulu kwa sababu, pamoja na mengine, iliridhiwa na mataifa yote. Kwa ushuru na barabara ningeanza na majirani. Kwa hewa na bahari kuu, meza ya wote haikwepeki, hata ikichelewa.