Waya wa simu, rauta ya laini na bando: nilivyotafuta intaneti ya nyumbani hapa Mtwara

Naandika kutoka Chuno, Mtwara mjini. Ninatunza vitabu vya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, na msimu ukianza kazi yangu kubwa huwa usiku, nyumbani: majina, kilo, namba za akaunti, kisha orodha ya malipo itumwe. Mnada ukishapita mkulima anasubiri hela yake. Orodha ikichelewa mezani kwangu, kuna mtu kijijini ameshaahidi ada ya mtoto na hana cha kumpa mwalimu. Kwa hiyo nikizungumzia intaneti ya nyumbani, kwangu hilo si jambo la starehe. Tuko watu watano humu ndani, na binti yetu mkubwa, Zuhura, anasoma Chuo Kikuu Huria, vipindi vyake vingi anavifuata kwenye kompyuta sebuleni.

Hadi mwisho wa 2021 tuliishi kwa bando, kila mtu na simu yake. GB moja ilikuwa inatutoka kama shilingi 2,000. Jioni moja nilikaa na meseji zote za malipo za mwezi, nikajumlisha kwenye daftari: GB 45, yaani shilingi 90,000. Zilitoka mbili mbili, tatu tatu, hakuna aliyeziona zikiondoka. Baba Zuhura hakuamini mpaka akahesabu mwenyewe.

Tukaanza na rauta ya laini, ile unayochomeka kwenye umeme inashika mnara kama simu. Kampuni siitaji. Tangazo lilisema haina kikomo. Wiki ya kwanza nilifurahi, maana mchana ilikuwa inakimbia kweli. Ikifika saa mbili usiku, watu wamerudi makwao na kila mtu ana simu mkononi, inakuwa haifungui hata barua pepe. Mnara ni mmoja, wanaougawana ni mtaa mzima. Halafu ilipofika tarehe 17 kasi ikaanguka moja kwa moja, mchana na usiku, mpaka mwezi ulipoisha. Nilikwenda dukani kwao na rauta nimeikumbatia, nikaonyeshwa kifungu cha “matumizi ya haki” kwenye mkataba: ukishavuka GB kadhaa wanakupunguzia. Nilikuwa nimesaini. Na rauta yenyewe ilikuwa imefungwa kwa laini yao tu, huwezi kuweka nyingine. Iliniuma sana, kwa sababu swali lilikuwa jepesi na sikuliuliza: ni GB ngapi kabla hamjapunguza, na mkishapunguza inabaki kasi gani? Sasa hivi swali hilo nauliza kabla sijatoa hata mia, na jibu nataka kwenye karatasi.

Waya wa simu ulikuja kwa bahati. Nyumba hii ni ya baba mkwe, aliyefanya kazi bandarini, na enzi zake palikuwa na simu ya mezani. Simu ilikuwa bado kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa, na waya unaning'inia kutoka kwenye nguzo hadi chini ya bati. Nilipouliza kwenye kampuni ya simu nikaambiwa waya ule ule wa shaba unaweza kuleta intaneti: shilingi 50,000 kwa mwezi, bila kuhesabiwa GB. Ukilinganisha na 90,000 zetu, hesabu ilikuwa imeshajijibu.

Lakini nisiharakishe hapa, maana ndipo penye somo lote. Kwenye karatasi yao iliandikwa “hadi 24 Mbps”, yaani megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi. Neno la kuangalia ni hilo “hadi”. Intaneti ya waya wa shaba inadhoofika kadiri waya unavyorefuka kutoka kwenye mitambo ya simu. Anayekaa jirani na mitambo anaweza kuikaribia hiyo 24. Kwenye kilomita tatu unapata kama theluthi yake, na ukifika kilomita tano au zaidi ni kubahatisha. Umbali wenyewe haupimwi kwa barabara. Waya unapita kwenye nguzo zake, unazunguka, unaingia kwenye kabati la simu, unatoka, ndio ufike kwako. Mtu anaweza kuona mitambo ile pale na bado waya wake ukawa mrefu kuliko wa aliye mbali.

Fundi aliyekuja alikuwa kijana mtaratibu sana. “Shikamoo mama. Simu hii inalia?”

“Marahaba mwanangu. Ina miaka haijalia.”

Hakugusa kompyuta. Aliinua mkono wa simu, akabonyeza namba moja ili ule mlio wa kusubiri namba unyamaze, akasikiliza. Kisha akanipa na mimi. Nilisikia mkwaruzo, kama mchanga unaochekechwa. Akasema, “Mama, mkwaruzo huu ukibaki, intaneti haitatulia hata ulipie laki.” Akapanda ngazi hadi chini ya bati, akafungua kiboksi cheusi. Nyuzi mbili za shaba zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, hewa ya chumvi ya huku kwetu imezila miaka na miaka. Alizikata kidogo kidogo kwa plaizi, akamenya plastiki, akakata tena, mpaka shaba ikatokea nyekundu inang'aa kama hereni mpya. Ndipo akaziunga upya na kuzifunga vizuri maji yasiingie. Tuliposikiliza tena, kimya.

Hata hivyo kasi ya kwanza ilikuwa 4.9 Mbps tu. Kosa lilikuwa la kwetu wenyewe. Zamani baba mkwe alivutishiwa waya hadi chumbani na fundi umeme wa mtaani, akatumia waya wa spika, akaupitisha sambamba na waya wa umeme. Tawi kama lile linavuta makelele yote ya umeme na kuyaingiza kwenye laini. Kijana akalikata kabisa. Kisha akaweka kile kidude cheupe wanachokiita spilita, kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti, maana bila hicho kila simu ikilia intaneti inakatika. Akafungua ukurasa wa rauta kwenye kompyuta, ule wa 192.168.1.1, tukaona 7.6 Mbps. Ukurasa huo ujue kuusoma. Unakuonyesha kasi ambayo waya wako umeikubali, kabla hujaanza kumlaumu mtu.

Je, 7.6 inatosha? Kumbuka Mbps ni biti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo 7.6 ni kiasi cha MB moja kwa sekunde, na faili la GB moja linashuka kwa dakika 17 au 18. Binti alifuata masomo bila tabu, mdogo wake akaangalia katuni, na saa mbili usiku ilikuwa ile ile ya saa tano asubuhi, maana waya kutoka kwenye mitambo hadi kwangu haugawani na jirani. Utulivu huo ndio uliotuliza roho yangu kuliko kitu chochote.

Shida ilikuwa kutuma. Matangazo yote hutaja kasi ya kupakua, ya kupakia hawaitaji. Kwenye waya wangu ilikuwa 0.8 Mbps. Novemba 2022 nilikuwa na orodha zilizoskaniwa, MB 40, na nilitakiwa nitume usiku ule ule. Zilichukua karibu dakika saba, na muda wote huo picha ya mwalimu wa Zuhura iliganda, akawa ananiita, “Mama, umefanya nini?” Njia ya kutuma ikijaa, hata ya kupokea inakwama, kwa sababu kompyuta inayopakua nayo lazima iwe inatuma taarifa kwamba imepokea. Nilibadilisha utaratibu: naskani kwa rangi nyeusi na nyeupe, ubora wa kawaida, MB 40 zikawa 6. Kwa mtu anayetuma zaidi ya kupokea, mpiga picha kwa mfano, au anayefundisha kwa video, hapa ndipo pa kubana muuzaji kwa maswali.

Umeme ni habari nyingine. Ukikatika, simu ya mezani ya waya wa shaba inaendelea kufanya kazi, kwa kuwa inapata umeme wake mdogo kutoka kwenye mitambo kupitia waya huo huo. Rauta haipati. Yangu inatumia volti 12, nikanunua kabetri kadogo ka rauta, kananipa saa mbili hadi tatu. Na radi ikianza, chomoa vyote viwili, wa umeme na wa simu. Mimi nilichomoa wa umeme tu mwaka wa kwanza, na rauta ikaungua kupitia waya wa simu.

Kuna siku ambazo hakuna chaguo lililosaidia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupiga, barabara ya kwenda Dar ikakatika Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikapata hitilafu. Nchi nzima ilikwama, na nchi jirani pia. Siku hizo nilishika waya wangu, nikapima laini, iko safi kabisa, 7.6 kama kawaida. Lakini njia ya intaneti ya kwenda nje ya nchi ndiyo iliyokuwa imekatika. Jirani yangu alihama kampuni wiki ile kwa hasira, akalipia gharama mpya za kuunganishwa, na kule alikohamia hali ikawa ile ile. Kabla hujahama, uliza kwanza watu wa kampuni nyingine kama na wao wamekwama.

Mwaka 2025 faiba, ule waya wa nyuzi za kioo, ilifika kwenye nguzo za mtaa wetu, nikahamia huko. Shilingi 55,000, kasi 20 Mbps, na safari hii niliuliza ya kupakia: 20 vilevile. Faili lile la MB 40 sasa ni sekunde 16 au 17. Elfu tano ya nyongeza nimeilipa kwa moyo mweupe. Kioo hakili chumvi wala hakileti radi ndani. Ila kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo umeme ukikatika na simu ya mezani inakufa pamoja na intaneti usipokuwa na betri. Na usiukunje ule waya mwembamba. Mdogo wake Zuhura aliusukumia nyuma ya kabati ukapinda, taa nyekundu ya LOS, inayosema mawimbi hayafiki, ikawaka, tukakaa bila mtandao hadi tulipousogeza ukanyooka.

Kwa aliyeko mtaa ambao faiba haijafika na waya wa shaba bado upo, ningemwambia auchukue bila wasiwasi, lakini akae na fundi kwanza, asikilize laini, aone kasi kwenye ukurasa wa rauta kabla ya kulipia zaidi ya mwezi mmoja. Amuulize jirani anayetumia waya wa mtaa huo huo inakuwaje mvua zikinyesha, na fundi akiitwa anakuja baada ya siku ngapi. Mimi fundi wangu alikuwa anakuja siku ya pili, na hilo lilikuwa na thamani kuliko Mbps nyingine tano. Asiye na waya kabisa, rauta ya laini inamfaa, mradi aipime saa mbili usiku akiwa nyumbani kwake, kwa laini ya kuazima, kabla hajainunua. Malalamiko yakishindikana kwa kampuni yenyewe, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, wanayapokea, ila watataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, kwa hiyo tunza meseji na namba za malalamiko yako.

Simu ya baba mkwe tumeiacha pale pale kwenye meza ya kona. Tarehe 28 Septemba nimelipia miezi mitatu mfululizo, hadi Desemba, minada ikianza nisiwe na la kuwaza.