Süleymaniye nyota tano, mwongozaji wetu sijui nimpe ngapi

Jamani mtu unaletwa msikiti wa Süleymaniye, adhuhuri inaadhiniwa juu ya kichwa chako, halafu huyohuyo aliyekuleta anakwambia "utaswali hotelini, twende tukaone mazulia"!! Yalinikuta Istanbul miaka kadhaa nyuma na mpaka leo nikikumbuka damu inachemka. Kampuni siitaji, wanajijua.

Kinachoniuma zaidi jamaa kazi anaijua. Katueleza vizuri mno, Sultani Süleyman alimpa msanifu majengo Mimar Sinan kazi ya kuujenga 1550, 1557 imeisha, kuba liko juu mita 53 huko, uzito umebebwa na nguzo nene nne na bado ndani kweupe unaiona mihrabu vizuri kabisa. Minara minne kwa kuwa Süleyman ni sultani wa nne tangu Waosmani waichukue Istanbul, roshani 10 kwenye hiyo minara kwa kuwa ni wa 10 katika ukoo wake, ndo wanavyosema. Ila ya masizi ndo iliniacha hoi: enzi za taa za mafuta Sinan alipanga hewa izunguke ivute moshi mpaka kwenye kachumba juu ya mlango mkuu, masizi yanakusanywa yanatengenezewa wino. Yaani mzee wa watu kafikiria hadi moshi wa taa karibu miaka 500 iliyopita, wewe wa leo umeshindwa kufikiria kwamba mgeni Muislamu atataka kuswali msikitini?

Nikamwambia kaka dakika chache tu, mimi msafiri, napunguza, rakaa mbili. Akaangalia saa, eti basi halimsubiri mtu. Mama mmoja kwenye kundi akasema mwacheni aswali, akamkata palepale. Makaburi ya Süleyman na mkewe Hürrem kule bustanini tukayapita kama tunafukuzwa, lakini dukani sasa, tulikaa mpaka chai ikapoa, hapo saa haikuangaliwa.

Nilitaka kumpa nyota moja. Haya mbili, masizi peke yangu nisingeyajua. Aah hapana, moja, na hiyo moja ya Sinan.

Msikiti hauna kiingilio, shuka metro Vezneciler utembee kidogo, swali kwa raha zako, na hela ya mwongozaji kalie maharage na wali kwenye migahawa iliyopangana pale mbele. Zulia sikununua.