Albamu za karibuni nilizosikiliza mwanzo mpaka mwisho, uzoefu wangu

Mi ni mtu wa albamu nzima. Singo nazipenda kama kila mtu na playlisti ninazo za kutosha, ila nikitaka kujua msanii kafika wapi nachukua albamu yake yote, nazima ile sehemu ya kuchanganya nyimbo, navaa hedifoni na naanza na wimbo wa kwanza. Hiyo ya kuchanganya nyimbo inaniuma kweli. Adele naye ilimkera, mwaka 2021 alipotoa albamu yake aliwaomba Spotify wasiifanye ndo ya kwanza kujiwasha mtu akifungua albamu na wakamkubalia, maana msanii amekaa akaamua wimbo upi utangulie na upi ufuate, na hiyo nayo ni kazi ya sanaa kama kutunga mistari. Kwa hiyo humu napima kitu kimoja tu, je mpangilio una maana au nyimbo zimejazwa tu.

Naanza na Hit Me Hard and Soft ya Billie Eilish, ilitoka Mei 2024, nyimbo 10 tu, dakika kama 43 hivi, kaiandaa na kaka yake Finneas kama kawaida yao. Hawakutanguliza singo hata moja, walitaka watu wakutane nayo yote kwa mpigo, na ukiisikiliza unaelewa kwa nini. Chukua "L'Amour de Ma Vie", inaanza taratibu, gitaa laini, sauti imelegea, anakiri kwamba alidanganya aliposema huyo mtu ndo penzi la maisha yake, unajua kabisa wimbo unaishia hapo kwenye huzuni, mara biti inageuka, sinthesaiza zinaingia kwa kasi, sauti inapitishwa kwenye mashine mpaka inakaribia kuwa ya roboti, na yule aliyekuwa analalamika kwa upole sasa anacheza kwa nguvu zote. Nyimbo mbili ndani ya moja, na ile ya pili inakwambia huyu dada ameshapona au angalau anajilazimisha kupona. Afu kabla yake kuna "The Greatest", ambayo karibu nusu nzima anaimba kama anaogopa kumwamsha mtu aliyelala, ukishazoea hivyo dramu na gitaa vinalipuka na anaachia sauti ambayo kwa miaka mingi watu walikuwa wanasema hana. Hana wapi! Alikuwa anaitunza.

Wimbo wa mwisho "Blue" unaokota maneno kutoka nyimbo za nyuma na kuyarudisha, yaani kama hukusikiliza kwa mfululizo hutayaona. Birds of a Feather ilipigwa kila sehemu mpaka ikawa ya kila mtu na haina kosa lolote, ila mi naona ndo ya kawaida kuliko zote mle ndani, samahanini mashabiki.

Sasa hip hop. Kendrick Lamar alitoa GNX tarehe 22 Novemba 2024 bila kumwambia mtu, ghafla tu imeingia, nyimbo 12, dakika 44. Jina ni la gari, Buick GNX ya 1987, mwaka aliozaliwa mwenyewe. Kitu cha kwanza kilichonishangaza, Not Like Us haimo. Ngoma iliyotikisa dunia nzima mwaka ule, iliyokuja kubeba Grammy tano, kaiacha nje! Msanii mwingine angeiweka namba moja ili ivute namba, yeye kafungua albamu na sauti ya Deyra Barrera, mwimbaji wa mariachi, ule muziki wa kiasili wa Meksiko, anaimba Kihispania, na sauti hiyo inarudi tena katikati na mwishoni, ndo inayoishikilia albamu nzima isisambaratike, maana bila hiyo ungeona ni michano ya hasira upande huu na mapenzi upande ule.

Naomba nikae kidogo kwenye "Reincarnated" kwa sababu naona ndo uandishi bora wa rap niliousikia kwa muda mrefu. Kachukua muziki wa zamani wa 2Pac na anachana kwa ukali uleule, anasimulia maisha ya nyuma kama ameyaishi yeye, kwanza mpiga gitaa wa miaka ya 40 aliyependa pesa na sifa, halafu mwimbaji mwanamke mwenye sauti ya ajabu aliyemalizwa na dawa za kulevya, halafu anafika kwake mwenyewe, na hapo vesi inageuka mazungumzo na baba, swali na jibu, na taratibu unagundua kwamba baba anayeongea ni Mungu na anayejitetea ana dhambi kubwa kuliko ulivyodhani, kiburi cha yule malaika aliyeanguka, ambaye muziki ulikuwa wake. Yote hayo bila kiitikio. Mtu anabadilisha nafsi tatu na hupotei hata mstari mmoja, hiyo ni ufundi jamani.

Kitu kingine ninachompendea ni kwamba kajaza marapa wa mitaa ya Los Angeles ambao wengi wetu hatukuwa tunawajua, kina Hitta J3, YoungThreat, Peysoh, Dody6, AzChike, kawapa vesi kamili, sio kupiga kelele nyuma tu. Na "Gloria" ya mwisho, dakika zote unasikia ni wapenzi wanaogombana na kurudiana, kumbe anaongea na kalamu yake. Kilichonichosha ni "Peekaboo", biti nzuri ila mistari inajirudia mno. Wimbo wa "Luther" aliouimba na SZA siuongelei sana, ulikaa namba moja kwenye chati ya Billboard wiki 13 mwaka 2025 na ulistahili, umejengwa juu ya wimbo wa Luther Vandross na Cheryl Lynn na hawakuuharibu.

Kwenye urefu ndo nina ugomvi na pop ya siku hizi. Taylor Swift alitoa The Tortured Poets Department Aprili 2024 na nyimbo 16, saa mbili baadaye akaongeza 15, jumla 31, zaidi ya masaa mawili ya muziki. Kuna vitu vizuri mno mle, So Long, London inavyoanza na sauti zimepangwa kama kwaya inayoigiza kengele mi huwa nairudia hiyo sehemu ya mwanzo peke yake, na mashairi yake pale yana uchungu wa kweli. Ila wimbo kama huo ukiuzungushia mingine mingi yenye tempo ileile na sinthesaiza zilezile unamezwa, ukifika wa 20 huwezi tena kutofautisha huu ulikuwa upi na ule ulikuwa upi. Angetoa 12 tungekuwa tunaongea kuhusu kazi bora kabisa, na nasema hivi kwa sababu namheshimu kama mwandishi.

Na mtu asiniambie sipendi albamu ndefu. Cowboy Carter ya Beyoncé ina 27 na dakika 78, naisikiliza yote nikiwa na muda, kwa sababu kaijenga kama kituo cha redio, mkongwe wa country Willie Nelson anaingia kama mtangazaji, Linda Martell anakuja kuongea kuhusu aina za muziki na mipaka yake. Linda Martell huyo ndo mwanamke mweusi wa kwanza kuimba kama msanii wa solo kwenye Grand Ole Opry, lile jukwaa kubwa la country, mwaka 1969, halafu muziki wa country ukamsahau. Kumpa maikrofoni ndani ya albamu ya country miaka zaidi ya 50 baadaye inazidi hotuba yoyote. Urefu pale una kazi, unazungushwa kutoka country kwenda rap kwenda dansi na kila mara kuna anayekushika mkono.

Chromakopia ya Tyler, the Creator ilinigusa kwa sababu mbili. Kwanza "Noid". Lile gitaa zito lenye mikwaruzo na zile sauti za kiitikio kachukua kwa Ngozi Family, bendi ya Zambia ya miaka ya 70, ule muziki wao wa Zamrock ambao vijana wa Zambia walichukua roki ya magitaa ya umeme wakaipiga kwa namna yao na kuimba kwa lugha za kwao. Mi nilipousikia nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu hakuwaweka pembeni kama pambo, wimbo mzima unasimama juu yao, na hofu anayoiimba, ya kufuatwafuatwa na watu wenye simu, inalingana kabisa na ule ukali wa gitaa. Nendeni mkamsikilize Paul Ngozi baada ya hapo, mtanishukuru.

Sababu ya pili ni mama yake. Sauti ya mama, Bonita Smith, inapita albamu nzima ikitoa mawaidha, usimwamini mtu, jilinde, uwe wewe, na unamzoea, unaona huyu mama ana busara zote. Sasa inafika "Like Him", wimbo kuhusu baba ambaye Tyler hajamjua na ambaye kwa miaka kwenye albamu zake amemchana kwamba alimtelekeza, na pale mama anaongea na kukubali kwamba kosa lilikuwa lake yeye, baba alitaka kuwepo. Fikiria hiyo. Sauti uliyokuwa unaiamini tangu wimbo wa kwanza ndo inakuja na habari hiyo, na ndo maana nasema mpangilio, ukiusikiliza peke yake kwenye playlisti ni wimbo mzuri wa huzuni, ukiusikiliza mahali pake unakuvunja.

Clipse ni hadithi inayofanana na hiyo ila wao wamefanya kinyume, uchungu wameuweka mbele. Let God Sort Em Out, Julai 2025, albamu yao ya kwanza tangu 2009, miaka 16, Pusha T na kaka yake Malice wamerudi na Pharrell kwenye biti. Watu walikuwa wanasubiri michano yao ileile ya zamani ya biashara ya unga, na wimbo wa kwanza kabisa "The Birds Don't Sing" ni msiba, Pusha anamlilia mama, Malice anamlilia baba, wazazi waliopishana miezi michache tu. Pusha anasimulia mazungumzo ya mwisho na mama na jinsi alivyoshindwa kuona kwamba anaagwa. Baada ya hapo kila tambo inayofuata unaisikia tofauti, unajua hawa wanaojigamba ni watoto waliozika. Malice kanishangaza zaidi ya mdogo wake, anachana kwa utulivu, haongezi neno lisilo na kazi.

Upande wa indie, yaani roki ya wasanii walio nje ya pop kubwa, niseme haraka kuhusu Fontaines D.C., Romance, 2024, "Starburster" ina ile pumzi anayoivuta kwa nguvu kwenye kiitikio, mwimbaji wao Grian Chatten aliiandika baada ya kupatwa na shambulio la hofu kwenye stesheni ya St Pancras na kwa kweli kifua kinakubana ukiisikia. Albamu iliyobaki ni nzuri ila haifiki hapo. MJ Lenderman na albamu yake Manning Fireworks nampendea mashairi, watu anaowaimba ni wanaume walioshindwa mambo na yeye hawacheki wala kuwahukumu, ila zile dakika za mwisho za wimbo wa mwisho ambazo ni mngurumo tu wa vyombo nimejaribu kuzipenda nikashindwa.

Ninayemrudia ni Adrianne Lenker, Bright Future, Machi 2024. Imerekodiwa kwenye tepu, watu wachache chumbani, unasikia viti, unasikia mtu anavuta pumzi, kinanda hakijasafishwa sauti yake. Wimbo wa kwanza "Real House" ni kinanda na sauti yake zaidi, hauna biti, hauna kiitikio, anamkumbusha mama yake mambo ya utotoni moja baada ya jingine mpaka anafika siku mbwa wao alipokufa, ndo mara ya kwanza alimwona mama analia. Unahitaji ujasiri kufungua albamu na kitu kama hicho, watu wa strimu wanajua sekunde 30 za kwanza ndo zinahesabika, na yeye kazitumia kukaa karibu kimya. Kama huna subira hutafika wimbo wa pili, na mi sikulaumu, ila "Sadness as a Gift" inayofuata ina fidla inayokwenda sambamba na sauti yake kwa namna ambayo prodyuza mwenye kompyuta angeinyoosha akaiua.

Afu Brat ya Charli XCX, ambayo wengi waliishia kwenye rangi ya kijani ya kava lake na vaibu za klabu. Jamani sikilizeni "So I", anaomba radhi kwa SOPHIE, prodyuza na rafiki aliyefariki Januari 2021, anasema alikuwa anamwogopa kwa kipaji chake akawa anajiweka mbali. Wimbo huo uko katikati ya ngoma za kurukaruka, na inavyotakiwa ndo hivyo, kwa sababu msiba huwa unakukuta katikati ya starehe. Na ile "Girl, So Confusing" aliyomsema msanii mwenzake bila kumtaja, Lorde akaja kumjibu ndani ya remiksi ya wimbo uleule, akasema ukweli wake kuhusu kujichukia mwili na kukaa kimya, nadhani ni ugomvi wa wasanii uliosuluhishwa kwa heshima kuliko wote ninaoufahamu. Wimbo wa mwisho "365" ni biti ya wimbo wa kwanza "360" iliyoharibiwa makusudi, usiku umeanza freshi umeishia hivyo.

Doechii nimemweka mwisho kwa sababu Alligator Bites Never Heal, Agosti 2024, yeye mwenyewe anaiita mikstepu na ina nyimbo 19, nyingine fupi sana. Ilibeba Grammy ya albamu bora ya rap, akawa mwanamke wa tatu kuipata baada ya Lauryn Hill (akiwa na kundi la Fugees) na Cardi B. "Denial Is a River" anachana huku anaongea na sauti inayomhoji maisha yake, anacheka, anakwepa swali, inaishia na mazoezi ya kupumua yanayogeuka kuwa mdundo. Kuanzia katikati mikstepu inapungua kasi, anaimba zaidi kuliko kuchana na nyimbo mbili tatu zingeweza kuondoka. Ila sauti ngapi zimo kwenye koo la huyo dada mi sijui, na albamu kamili akiitoa naichukua siku hiyohiyo, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.