Kuagiza Vipuri vya Magari ya Zamani Kutoka Ng'ambo Hadi Malindi: Njia Ipi Itangulie

Mwenye Land Rover Series III, Peugeot 504 au Mercedes W123 hapa Malindi mara nyingi huanzia hesabu yake pasipofaa. Hutazama bei ya kipuri kwa muuzaji wa Uingereza au Ujerumani, huongeza nauli iliyoandikwa chini yake, kisha huona mambo yamekwisha. Bei ya kweli ni ya kipuri kilichokwisha kufika karakana, baada ya ushuru na wakala kulipwa na basi la kutoka Mombasa kukishusha. Mwongozo huu unapanga njia za usafirishaji kwa kipimo hicho, na msimamo wangu ni kwamba umbo na uzito wa kipuri ndivyo vinavyopaswa kuchagua njia, hata kama mnunuzi ana haraka kiasi gani.

Kabla ya kuagiza chochote, ulizia hapa nchini. Land Rover nyingi zinazotembea Pwani ziliunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983. Kwa sababu hiyo maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, na yale ya Mombasa yana gasketi, beringi, klachi na vipande vya breki ambavyo hakuna haja ya kuvilipia safari ya baharini. Vinavyolazimu kuagizwa ni vile ambavyo upepo wa chumvi huvila. Bodi ya Land Rover ni ya alumini na huvumilia, lakini chesisi na ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria huoza kutoka ndani. Orodha ya kuagiza huongezwa pia na urembo wa kromu, taa za asili na vioo vya umbo la kipekee.

Hakikisha pia namba ya kipuri, kwa sababu kukirudisha kilichokosewa kwaweza kugharimu kuliko kukinunua. Injini ya Land Rover ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu za kombo (krenkishafti) hadi mwaka 1980, ilipobadilishwa ikawa na tano, na beringi za moja haziingii katika nyingine. Mercedes W123 ziliwekwa kalipa za breki za ATE kwa baadhi na za Bendix kwa nyingine, na pedi zake hazilingani. Mwombe fundi afungue gurudumu na asome jina lililochongwa kwenye kalipa kabla hujatuma pesa.

Kodi, na kwa nini ankara ni muhimu kuliko nauli

Kwa mzigo wa baharini, ushuru wa forodha Kenya hutozwa juu ya jumla ya bei ya bidhaa, bima na nauli hadi Mombasa. Kiwango chake hutoka katika jedwali la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo tangu Julai 2022 lina ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35. Juu yake huja VAT ya asilimia 16, inayohesabiwa baada ya ushuru kuongezwa, kisha ada ya tamko la uagizaji, yaani IDF, ya asilimia 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli, ambayo mwishoni mwa 2024 ilipandishwa kutoka asilimia 1.5 hadi 2.

Chukua mzigo wa vipuri vya pauni 400, nauli pauni 80 na bima pauni 20, jumla pauni 500. Ukiangukia ngazi ya asilimia 25, ushuru ni pauni 125, VAT ni pauni 100, IDF ni 12.50 na tozo ya reli ni 10, na hizo zote ni pauni 247.50, karibu nusu ya thamani ya mzigo. Ukiangukia ngazi ya asilimia 10, jumla hushuka hadi pauni 160.50. Tofauti ya pauni 87 imetokana na namba ya ushuru peke yake, yaani namba ya fungu ambalo kipuri kimewekwa katika jedwali la forodha.

Hapo ndipo ankara inapoleta faida au hasara. Muuzaji akiandika "vipuri vya gari" na bei moja chini yake, afisa wa forodha au wakala atauweka mzigo wote katika fungu moja, na huenda likawa si lile linalokufaa. Vipuri havikai fungu moja kisheria: sehemu za gari kwa jumla zimo katika 8708, sehemu za injini katika 8409, beringi katika 8482, gasketi za seti katika 8484, taa na vifaa vya ishara vya umeme katika 8512, springi za chuma katika 7320, vioo vya usalama katika 7007 na matairi katika 4011. Mwandikie muuzaji mapema, kwa adabu na bila kuzunguka, aorodheshe kila kipande kwa jina, namba yake, idadi na bei, kisha umpe wakala orodha hiyo mzigo ukiwa bado njiani.

Wapo wauzaji watakaojitolea kuandika bei ndogo kuliko uliyolipa. Kataa. Nyaraka ya uongo ni kosa chini ya sheria ya forodha, afisa ana mamlaka ya kupandisha thamani anayoitilia shaka, na mzigo ukipotea bima italipa kile kilichoandikwa tu.

Kuna pesa nyingine ambayo wanunuzi wengi huiacha mezani. Bei nyingi zinazoonyeshwa Uingereza zimebeba VAT yao ya asilimia 20, Ujerumani asilimia 19 na Ufaransa asilimia 20, na bidhaa inayouzwa nje inaweza kuondolewa kodi hiyo. Kipuri cha pauni 480 kinaweza kuwa pauni 400 kabla hakijaondoka ghalani. Lakini muuzaji huiondoa pale anapousafirisha mzigo mwenyewe nje ya nchi, au anapokuwa na ushahidi kwamba umetoka. Ukimpa anwani ya ghala la msafirishaji lililoko London, kwake hayo ni mauzo ya ndani, na VAT unailipa yote. Jambo hili ndilo linalopindua mpangilio wa njia mara nyingi, na nitalirudia.

Kilo ya kweli na kilo ya karatasi

Wasafirishaji wa ndege hupima sanduku mara mbili, kwa mizani na kwa futi kamba, kisha hutoza kipimo kilicho kikubwa. Kampuni za vifurushi vya haraka huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita na kugawanya kwa 5000, na mizigo ya kawaida ya ndege hugawanywa kwa 6000. Bamba la madigadi ya mbele ya Land Rover, ambalo mtu mmoja hulinyanyua bila taabu, likifungwa katika sanduku la sentimita 110 kwa 60 kwa 40 huhesabiwa kuwa kilo 52.8 katika hesabu ya kwanza na kilo 44 katika ya pili. Melini sanduku hilo ni mita za ujazo 0.264 tu. Kwa upande mwingine stata, pampu ya maji au gia za difu ni vizito katika nafasi ndogo, na kwao mizani ndiyo inayotawala.

Mpangilio wangu

Ya kwanza, kwa vipuri vya kati ya kilo chache na takriban 30 visivyo na umbo pana, ni mzigo wa pamoja wa ndege. Msafirishaji hupokea vifurushi vya wateja wengi katika ghala lake la ng'ambo, huvipakia pamoja na kukutoza bei moja kwa kilo ambayo aghalabu imejumuisha kodi za Kenya. Sifa yake ni kwamba unaijua gharama kabla hujanunua. Udhaifu wake ni ile VAT ya ng'ambo niliyoitaja, kwa hiyo linganisha bei yake na asilimia 20 unayoiacha huko. Dai kuonyeshwa karatasi ya forodha inayogusa mzigo wako, maana mzigo wa pamoja ukishikiliwa kwa kosa la mwenzako, wako nao umeshikiliwa.

Ya pili, na ya kwanza kabisa kwa chesisi mpya, milango, madigadi, giaboksi na injini, ni meli kwa makontena ya kuchangia. Bei hutozwa kwa mita ya ujazo au tani, mara nyingi kukiwa na kiwango cha chini ambacho utalipa hata mzigo wako ukiwa mdogo. Pale Kilindini huongezeka malipo ya kupakua, ya kituo cha makontena, ya hati ya kutolea mzigo na ya wakala wa forodha, na malipo haya hayapungui kwa sababu sanduku lako ni dogo. Kisanduku kimoja cha breki kwa meli kinaweza kuwa ununuzi ghali kuliko yote uliyopata kufanya, ilhali nusu ya mita ya ujazo ya bodi na chuma kizito ni nafuu isiyo na mpinzani.

Kwa hiyo ninawasihi wenye magari haya wa Malindi, Watamu na Kilifi waagize pamoja mara moja au mbili kwa mwaka, kila mtu na ankara yake, kupitia wakala mmoja. Muulizeni wakala huyo mapema kama mzigo utahitaji cheti cha ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kusafirishwa, hasa kukiwa na vipuri vilivyotumika. Kreti za mbao ziwe zimetibiwa kwa joto au dawa na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu wa mbao. Muda nao upangwe kwa uvumilivu: mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023 yalizifanya kampuni nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na ratiba zikarefuka.

Ya tatu ni vifurushi vya haraka, kama vya DHL au FedEx, vinavyotumwa na muuzaji moja kwa moja. Nauli yake kwa kilo ni ya juu, na huongezewa ada ya kukulipia kodi kabla. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayoikomboa. Muuzaji huweza kuondoa VAT ya kwao, kwa kuwa mzigo unatoka nchini mwake ukiwa mikononi mwake. Pia Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 linasema kwamba kwa bidhaa zinazoingia kwa ndege, nauli haiongezwi kwenye thamani ya kutozea ushuru. Kagua hesabu utakayoletewa, na ukikuta nauli imeingizwa kwenye ushuru wa forodha uulize kwa maandishi. Usitarajie nafuu hiyo hiyo kwenye VAT, ambayo huhesabiwa na nauli ikiwemo. Kwa kipuri kidogo cha thamani kubwa, kama seti ya kabureta au kifaa cha umeme cha asili, njia hii hushinda ile ya kwanza mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Njia zote za ndege zina mipaka ya usalama. Betri, rangi na mafuta vina masharti makali, shokapu za gesi huhesabiwa kuwa vyombo vyenye shinikizo, na kabureta au tangi lililotumika lenye harufu ya petroli hukataliwa. Mwagize muuzaji alisafishe, alikaushe na kuandika hivyo kwenye ankara.

Posta naiweka ya nne. Inafaa kwa mipira, nembo, swichi na vitu vya gramu chache visivyo na haraka, na nauli yake ni ya kistaarabu. Chukua huduma yenye namba ya kufuatilia, ama usitume.

Ya mwisho ni begi la jamaa anayekuja likizo. Uhusiano wetu na watu wa ng'ambo, hasa Waitaliano wanaoishi hapa, huifanya njia hii ionekane rahisi. Bidhaa hizo bado hupaswa kutajwa kwa forodha uwanjani, na si haki kumbebesha mgeni kipuri asichoweza kukieleza akiulizwa. Kikiwa kidogo na safi, mpe na risiti yake.

Kipande cha mwisho cha safari

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120, na ofisi za mizigo za mabasi huufikisha mzigo siku hiyo hiyo. Wenye magari Mpeketoni na Mokowe, huko Lamu, wana safari nyingine ndefu kutoka hapa, na kwao ni busara kioo kibaki katika kreti yake ya awali hadi mwisho. Popote utakapopokelea, fungua sanduku mbele ya aliyekuletea, piga picha ya kila upande, na kama pana kona iliyobonyea andika hivyo kwenye hati ya kupokelea kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa madai ya bima hutegemea maandishi hayo. Kromu na chuma kitupu vipakwe mafuta siku hiyo hiyo, hata kama fundi hatavifunga hadi mwezi ujao.