Vitabu nilivyomaliza karibuni: Ngũgĩ, Wangari Maathai na Peponi

Nimemaliza vitabu vitatu mfululizo, viwili vya maisha ya mwandishi mwenyewe na riwaya moja, na vyote vimenikamata kwenye utoto. Mwandishi akikuachia uone kwa macho ya mtoto bila kukimbilia kufafanua, hapo mimi sibanduki.

Dreams in a Time of War ya Ngũgĩ wa Thiong'o (2010) inaanza na mtoto anatoka shule ana njaa, njiani anakuta watu wanasimuliana jamaa fulani alivyowaponyoka polisi, anasikiliza kama hadithi tu, kumbe anayesemwa ni kaka yake wa damu na ndo keshaingia msituni kwa Mau Mau. Ila aliyeniteka zaidi ni mama. Hajui kusoma wala kuandika lakini mtoto akileta maksi nzuri anamuuliza, hapo ndo mwisho wa uwezo wako? Kila akitokea huyu mama nilikuwa nasoma polepole asiishe haraka.

Unbowed ya Wangari Maathai (2006) nayo mwanzo wake mtamu sana. Yupo kijitoni karibu na mti wa mugumo, anaona mayai ya vyura anadhani ni shanga, anataka kuyavaa shingoni, akiyashika yanapasukia mkononi. Baadaye mti umekatwa, kijito kimekauka, na unaelewa kwa nini 1977 alianza kupanda miti hata kabla hajakwambia. Katikati nilichoka kidogo, mikutano na kamati zimezidi, lakini akifika 1989 anapopinga ghorofa lililotakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote Nairobi, kinapamba moto tena.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah nimeisoma kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, lugha yake imetulia mno. Yusuf ana miaka 12, anafurahia sarafu anazopewa na tajiri Aziz kila akija kwao, na siku anapandishwa treni hajui kwamba baba kamweka rehani kwa Aziz kwa ajili ya deni. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz aliyewekwa rehani kama yeye, tena kwa ukali, huyo Aziz si ndugu yako, ni bwana wako. Baba yake Yusuf alinikasirisha kwelikweli. Safari ya kwenda bara na msafara wa biashara wa Aziz ni ndefu, kuna watakaoona inavuta, mimi niliipenda. Mwisho Yusuf anakimbilia msafara wa askari wa Wajerumani na Gurnah haongezi neno. Roho iliniuma, ila namwelewa, maana angebaki pale angekuwa Khalil mwingine.