Wali maharage wa njia panda ya Uyole

Ukiingia Mbeya kutoka Iringa, usivumilie njaa mpaka Mwanjelwa. Shuka Uyole, fuata barabara ya Tukuyu kidogo tu, upande wa kushoto utaona kibanda cha kuta za kijani, masufuria yanafuka moshi uani. Hakina kibao. Tangu Mei nimekula pale mara nne: wali wa Kyela, maharage, mboga na kipande cha parachichi, 3,000.

Kilichonirudisha ni maharage. Mimi ni afisa kilimo, nimesoma hapa hapa Uyole miaka ya tisini, na maharage tulifundishwa kuyatambua kwa punje: Uyole 84, Uyole 90, Uyole 94, mwaka umo ndani ya jina. Ya mama huyu ni Njano Uyole, mbegu ya baadaye, kituo cha utafiti cha hapa kiliitoa 2008. Yanaiva upesi na mchuzi wake unakuwa mzito wenyewe. Mama anayaloweka usiku, asubuhi anayaunga kwa kitunguu, nyanya na karoti, basi. Hatii nazi, hatii karanga. Ukila unasikia ladha ya haragwe lenyewe, jambo ambalo mahotelini nimelikosa kwa miaka.

Nikamuuliza, "Mama, unayatoa wapi?"

"Hapo nyuma, mwanangu. Njoo uone."

Nyuma ya jiko kuna robo eka: maharage, matuta ya chainizi na figiri. Eneo lote lile, pamoja na tulipokuwa tumekaa, lilikuwa shamba la mahindi la baba mkwe wake. Nalikumbuka, tulikuwa tukilipita tukienda dukani kununua sabuni. Udongo mweusi, wa majivu ya volkano, unashika jembe vizuri. Sasa kushoto kuna duka la pembejeo, kulia wakala wa pesa na nyumba ya wageni, mbele bajaji zimepanga foleni. Na mji usingekwepeka: barabara ya Dar kwenda Tunduma inakutana hapa na hii inayoshuka Kyela hadi Kasumulu, mpakani na Malawi. Ndizi na viazi vya Rungwe vinapita hapa, na mzigo unaposhushwa watu wanataka kula. Mwaka 2025 Uyole imepewa hata jimbo lake la uchaguzi. Nafurahi kuona vijana wana kazi, lakini udongo ule kufunikwa zege kunaniuma kweli.

Kasoro zipo. Vumbi la ujenzi wa barabara ya njia nne linaingia hadi mezani, afadhali ukae ndani. Wali huisha mapema. Niliwahi kufika saa nane nikakuta ugali tu. Maji ya kunawa ni ya baridi, na Juni ya Uyole mnaijua. Samaki mbasa hupatikana siku moja moja, akiwepo usimwache.

Mara ya mwisho nilinunua na kilo tano za maharage, nikamwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka. Wakati ananipimia akaniambia kwamba mwakani ile robo eka wanajenga vyumba vya wapangaji. Nikamwomba aache japo matuta mawili. Akasema ataongea na mzee.